Mwenye Vali Moyoni Apimwe Kisiwani Kwake

Mtu aliyekwenda kupasuliwa moyo anaporejea kisiwani hupokewa kama aliyefufuka. Jamaa hujazana gatini, maulidi husomwa nyumbani, na kila anayempa mkono humwambia kwamba sasa amepona. Furaha hiyo ni ya haki, na hatuna nia ya kuipunguza. Lakini katika bahasha aliyorudi nayo kutoka Dar es Salaam, au kutoka India, mna karatasi yenye maagizo mawili. La kwanza ni kwamba atameza kidonge kila siku, maisha yake yote. La pili ni kwamba damu yake itapimwa mara kwa mara, maisha yake yote. Kidonge chaweza kutiwa mfukoni kikavushwa bahari. Kipimo hakitiwi mfukoni. Maoni yetu ya leo yanahusu kipimo hicho, kwa sababu katika visiwa vyetu hilo la pili ndilo linaloponza watu.

Yafaa kwanza tueleze maradhi yenyewe, ili anayesoma asidhani kwamba tunazungumzia jambo la watu wachache wenye nafasi. Sehemu kubwa ya wanaobadilishwa vali za moyo katika nchi zetu ni vijana, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Maradhi yao hayakuanzia moyoni. Yalianzia kooni, walipokuwa watoto wa skuli, kwa vijidudu viitwavyo streptokoka. Koo lililouma siku chache likasahauliwa. Baada ya wiki mbili au tatu ikaja homa ya baridi yabisi yenye kuvimbisha viungo. Na homa hiyo iliporudia tena na tena, ikaacha makovu katika vali, yaani ile milango midogo ya moyo inayofunguka na kujifunga ili damu iende mbele na isirudi nyuma. Mlango ukishakakamaa au kulegea, moyo hufanya kazi ya punda, na mwenye moyo huo hushindwa hata kupanda ngazi au kuchota ndoo ya maji.

Tangu mwaka 1960, Albert Starr alipofanikiwa huko Portland, Marekani, kumtia mgonjwa vali iliyobuniwa pamoja na mhandisi Lowell Edwards, imewezekana kuutoa mlango uliokufa na kuweka mwingine. Ziko vali zinazotokana na mnyama, kama zile za utando wa moyo wa ng'ombe, ambazo kwa kawaida hazimfungi mgonjwa na dawa hii maisha yote. Ila kwa kijana huchakaa mapema, na upasuaji hurudiwa. Ziko na vali za kutengenezwa kiwandani, ngumu, zenye kudumu, ambazo mara nyingi ndizo wapewazo vijana. Mwenye vali hiyo husikia mlio wake kifuani usiku nyumba ikinyamaza, mfano wa saa ya mkononi. Nayo ina sharti moja kubwa: damu ikiigusa huiona ni kitu kigeni na hutaka kuganda juu yake. Damu ikiganda, ama vali hukwama, ama kipande hukatika kikapanda ubongoni, na mtu akapatwa na kiharusi.

Ili kuzuia hayo mgonjwa hupewa warfarini. Asili ya dawa hii ina mafunzo. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani ya Kaskazini walikuwa wakitokwa na damu hadi kufa baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Mwanakemia Karl Paul Link na wenzake wa chuo kikuu cha Wisconsin wakakitenga kitu kilichokuwa kikiwaua. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana warfarini, ambayo mwaka 1948 iliuzwa kuwa sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya binadamu. Hatuitaji habari hii kwa ajili ya kumtia mtu hofu. Mamilioni ya watu duniani wameishi kwa dawa hii. Tunaitaja ili ifahamike kwamba warfarini ni dawa isiyomezwa kwa kukisia. Ikiwa ndogo haifai kitu, na ikizidi inaumiza.

Kipimo kinachoonyesha kama imetosha hujulikana kwa herufi tatu, INR, na kilipitishwa na Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili maabara zote zizungumze lugha moja. Mtu asiyetumia dawa hii huwa na kiasi cha 1. Mwenye vali ya kiwandani katika mlango mkuu wa kutokea damu moyoni aghalabu hutakiwa awe baina ya 2 na 3. Mwenye vali hiyo katika mlango wa kati wa upande wa kushoto hutakiwa awe baina ya 2.5 na 3.5. Akiwa chini ya hapo anakikaribia kiharusi. Akipita sana juu ya hapo aweza kutokwa na damu tumboni au ubongoni bila ya kujikwaa popote. Njia anayopita ni nyembamba, na kila siku ya maisha yake anapita hapo hapo.

Sasa kwa nini kipimo cha mtu hupanda na kushuka ilhali hakuacha kidonge hata siku moja? Hili ndilo swali wanalolia nalo wagonjwa, na ndilo wanaloonewa kwalo. Warfarini hufanya kazi kwa kuipinga vitamini K, ambayo ini huihitaji ili kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Vitamini hiyo imejaa katika majani mabichi ya kijani: mchicha, kisamvu, matembele, majani ya maboga. Wakati wa masika mboga hujaa kila kiwanja, kisamvu cha nazi huliwa mchana na usiku, na kipimo hushuka. Kiangazi kikiingia mboga zikaadimika, au mwezi wa Ramadhani chakula kikibadilika, kipimo chaweza kupanda kwa kidonge kile kile. Aliyeumwa tumbo siku tatu, akahara na asile, naye hupanda. Hapana kosa alilolifanya mtu huyo isipokuwa kuishi kama jirani zake.

Kisha kuna dawa nyingine. Vidonge vya metronidazoli, ambavyo watu huviita flajili na huvinunua dukani kila tumbo likivuruga, huipa warfarini nguvu kupita kiasi. Kadhalika hufanya septrini, na fluconazoli inayotumika kwa maradhi ya fangasi. Rifampisini, ambayo ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu, hufanya kinyume chake: huivunja warfarini nguvu, na siku rifampisini inapoachwa, kipimo huruka juu. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa na damu hata pale kipimo kinapoonekana ni kizuri. Zipo pia dawa za miti shamba ambazo hapana aliyezipima zikichanganyika na warfarini. Na juu ya yote, kidonge kilichobadilishwa leo hakionyeshi nguvu yake kamili mpaka baada ya siku mbili tatu au zaidi. Kwa hiyo anayeongeza leo na kupunguza kesho hafanyi ila kujiyumbisha mwenyewe.

Ukiyatazama mambo hayo utaona kwamba kuyumba kwa kipimo ni tabia ya dawa yenyewe, na dawa yake ni kupima mara kwa mara na kurekebisha kidogo kidogo. Daktari mzoefu huhesabu kwa wiki, hahesabu kwa siku. Anayemeza miligramu 5 kila siku amemeza 35 kwa wiki. Akiwa chini kidogo, huongezwa nusu kidonge siku moja tu ya wiki, zikawa 37.5, kisha hupimwa tena. Mwanzoni mgonjwa hupimwa kila baada ya siku chache, kisha kila wiki, na akishatulia hupimwa kila baada ya wiki nne hivi. Kazi hiyo si ngumu, ila inataka kipimo kilicho karibu.

Hapo ndipo bahari inapoingia. Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Kojani. Hatumkusudii mtu maalumu, bali wako wengi wa hali yake. Siku ya kupimwa huamka kabla ya alfajiri, akavuka kwa mashua, akatafuta gari hadi mjini. Ikiwa mashine ya maabara ni nzima na kemikali zake zipo, hupimwa. Ikiwa sivyo, huambiwa arudi wiki ijayo, au apande meli hadi Unguja. Mumewe ni mvuvi na yuko dago. Watoto amewaacha kwa jirani. Nauli ya kwenda na kurudi ni pesa ya chakula cha siku kadhaa. Kusi ikivuma kwa nguvu hasafiri kabisa. Mama huyo aliyetakiwa apimwe kila baada ya wiki nne, akipimwa mara tatu kwa mwaka amejitahidi. Na anapofika mbele ya daktari na kipimo chake kikaonekana ni 1.4, neno la kwanza analoulizwa ni: "Kwa nini hukunywa dawa?"

Tunasema bila ya kificho kwamba swali hilo, likiulizwa namna hiyo, si la haki. Mama alikunywa dawa. Ambacho hakukipata ni kipimo. Na mgonjwa aliyekaripiwa mara mbili tatu kwa kosa asilolitenda, mara ya nne haji. Tunawaomba madaktari na wauguzi wetu, ambao tunajua wanafanya kazi katika msongamano mkubwa, waanze kwa kuuliza: umekula nini, umeumwa nini, umemeza dawa gani nyingine, umekosa kidonge siku gani? Majibu ya maswali hayo manne yana faida kuliko karipio.

Lakini upole peke yake hauvuki bahari. Gazeti hili linapendekeza kwa Serikali mambo yafuatayo, na tunayaleta kwa unyenyekevu ila kwa msisitizo.

Kwanza, mashine ndogo za kupimia tone la damu la kidole. Mashine hizo zipo duniani kwa miaka mingi, hushikwa kwa mkono mmoja, na hutoa jibu kwa dakika chache. Iwepo moja kwa uchache katika kila hospitali ya wilaya, na moja katika kituo cha afya cha kila kisiwa kidogo chenye mgonjwa wa vali. Muuguzi afundishwe kuitumia. Vipande vyake vya kupimia vihifadhiwe mbali na jua na joto kali. Na kila baada ya muda majibu yake yalinganishwe na ya maabara kubwa, ili isije ikadanganya. Muuguzi akishapima, ampigie simu daktari aliyepewa dhamana ya wagonjwa hao, na dozi itajwe siku ile ile. Simu ya dakika tano itamwondolea mgonjwa safari ya siku mbili.

Pili, kidonge kisibadilike ovyo. Kipo cha miligramu 1, cha 3 na cha 5. Mgonjwa aliyezoea kumeza kimoja cha 5, akija akapewa vya 1 bila ya kuelezwa, ataendelea kumeza kimoja, na hapo amepewa tano moja ya dawa yake. Aliyezoea vitano vya 1, akipewa vya 5 akameza vitano, twajua mwisho wake. Bohari ya dawa ichague nguvu za vidonge na iziandame, na dawa hii isiachwe kumalizika hata siku moja. Kidonge chenyewe si cha bei kubwa. Kukosekana kwake ndiko kwenye gharama.

Tatu, kila mgonjwa awe na daftari moja, lenye tarehe, kipimo, dozi ya wiki na jina la vali aliyowekewa, na daftari hilo likubaliwe katika kila hospitali ya Unguja, Pemba na Dar es Salaam. Nne, Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2023, ukihesabu upasuaji wa moyo kuwa tiba, ukihesabu na kipimo hiki kuwa sehemu ya tiba hiyo hiyo, wala si jambo la baadaye.

Tunajua patakuwa na watakaosema kwamba vifaa ni ghali na wagonjwa ni wachache. Tunawajibu kwamba gharama kubwa imekwisha kutolewa. Mgonjwa amepelekwa nje ya kisiwa, ama kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ama ng'ambo zaidi, amepasuliwa, amewekewa vali, ameuguzwa wiki kadhaa. Kumwacha apatwe na kiharusi kwa kukosa tone la damu la kupimwa ni sawa na kujenga nyumba kwa mawe na chokaa kisha kuacha kuiezeka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa unaonekana kwa macho.

Patakuwa na wengine watakaouliza kwa nini tusitumie dawa mpya zisizohitaji kipimo. Jibu lake linajulikana. Dabigatrani ilijaribiwa kwa watu wenye vali za kiwandani, na jaribio likasimamishwa mwaka 2012 kwa kuwa waliopewa dawa hiyo waliganda damu zaidi na pia kutokwa na damu zaidi kuliko wa warfarini. Apiksabani nayo ilijaribiwa kwa wenye aina moja ya vali hizo, na jaribio likasimamishwa mwaka 2022 kwa sababu ya damu kuganda. Kwa mwenye vali ya kiwandani, warfarini bado haina badala, na anayeshawishiwa dukani abadilishe dawa ajue kwamba anahatarisha roho yake.

Kwa ndugu zetu wagonjwa tuna machache. Msiache mboga, kuleni mboga kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, masika na kiangazi. Mezeni kidonge saa ile ile. Wengi huona usiku ni wepesi zaidi, na hata mwezi wa Ramadhani wakati huo haubadiliki. Ukisahau na siku haijapita, meza unapokumbuka. Siku ikishapita, usimeze dozi mbili kwa moja. Usinunue dawa yoyote, hata ya maumivu ya kichwa, kabla ya kumwambia mwenye duka kwamba unatumia warfarini. Ukiumwa homa au tumbo ukashindwa kula, omba upimwe mapema kuliko tarehe yako. Choo kikiwa cheusi kama lami, pua au fizi zikitoka damu isiyokatika, hedhi ikizidi kiasi, kichwa kikiuma ghafla kwa nguvu, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, usingoje asubuhi wala usingoje maji kujaa. Na mwanamke mwenye vali anayetaka kuzaa azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, kwani dawa hii yaweza kumdhuru mtoto, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Lakini asiiache kwa shauri lake mwenyewe, maana vali yaweza kuganda damu na mama akapotea. Waume na mama wakwe waelewe jambo hilo kabla ya kuuliza kwa nini mwana anachelewa.

Mwisho, turudi pale maradhi yalipoanzia. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio mwaka 2018 la kuzitaka nchi zipambane na homa ya baridi yabisi na maradhi ya moyo yatokanayo nayo. Silaha yake kubwa ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu: kumtibu mtoto mwenye koo la streptokoka, na kumdunga sindano kila baada ya wiki tatu au nne yule aliyekwisha kupatwa na homa hiyo, ili isirudi kuuharibu moyo. Walimu wa skuli na walimu wa madrasa wanaweza kufanya kazi kubwa kuliko mpasuaji, kwa kumpeleka kituoni mtoto anayelalamika koo na homa, badala ya kumwambia avumilie.

Hapa Visiwani matibabu bure yalitangazwa katika miaka ya 1960, na maana yake wakati ule ilikuwa kwamba umasikini usimzuie mtu kufika kwa daktari. Leo tunaomba maana hiyo ipanuliwe: bahari nayo isimzuie. Wizara ya Afya ihesabu wagonjwa wa vali walioko katika kila shehia, kwani idadi yao inaweza kujulikana kwa daftari na kalamu. Kisha ipeleke mashine kwa kufuata hesabu hiyo. Mama wa Kojani hataki zaidi ya kutobolewa kidole karibu na kwake, aambiwe ameze kiasi gani wiki hii, na arudi nyumbani kabla ya adhuhuri.